Gavana, Waziri na Mpwa Wangu

Baba yangu mzazi aliondolewa Dar es Salaam mwanzoni mwa mwaka 1955 kwa amri ya serikali ya Mwingereza. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, aliandikiwa barua mwaka 2022 ya kumtaka aondoke Uingereza, nayo pia ilikuwa amri ya serikali ya Mwingereza. Basi katika jamaa yetu maneno yakawa hayo hayo kila tulipokutana: Mwingereza ni yule yule, jana alimtoa babu, leo anamtoa mjukuu. Baba mdogo, ambaye ndiye mzee tuliyebaki naye, aliyatamka tena tulipoketi hapa kwangu Bunju kulizungumza jambo la kijana, na waliokuwapo wote wakatikisa vichwa kumwunga mkono.

Mimi sikutikisa. Sisi ni Waluguru, ndugu msomaji, na kwa Waluguru mjomba hana pa kujificha. Mambo ya mtoto wa dada humwangukia yeye. Kijana alikuwa akingoja neno moja kutoka kwangu: arudi nyumbani, au akate rufani. Kama kweli Mwingereza wa mwaka 1955 na wa mwaka 2022 wana nguvu zile zile, basi rufani ni kutupa fedha baharini, na heri kijana afunge mizigo yake kwa heshima kabla hajapandishwa ndege akiwa amefungwa pingu. Nilikuwa karani wa mahakama kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na kazi ile humzoeza mtu swali moja la kuudhi: kwa sheria ipi? Niliomba wiki mbili za kufikiri. Haya niyaandikayo ndiyo niliyoyapata katika wiki hizo, pamoja na mengine niliyokuwa nikiyajua tangu nikiwa kazini.

Nianze na baba. Alitoka Matombo, milimani Uluguru, akiwa kijana wa miaka ishirini na kidogo, akaja Dar es Salaam kutafuta maisha kama walivyokuja wengi wa rika lake. Alikuwa kibarua wa bandarini. Siku ambayo meli ilikuwapo alibeba magunia. Siku ambayo haikuwapo alikaa barazani Kariakoo. Siku moja ya namna hii ya pili, askari walipita wakitaka kuonyeshwa risiti za kodi na barua za kazi. Risiti alikuwa nayo. Barua hakuwa nayo, kwa kuwa kibarua wa kutwa haandikiwi barua na mtu. Alisimamishwa mbele ya afisa mmoja kwa muda ambao, kwa maneno yake mwenyewe, usingetosha kumaliza sigara, akapewa karatasi, kisha akapandishwa garimoshi la Reli ya Kati mpaka Morogoro. Njia iliyobaki alitembea.

Sheria iliyotumika ilikuwa ile ya mwaka 1944 ya kuwaondoa mijini watu wasiotakiwa. Ilimpa mkuu wa wilaya uwezo wa kumwamuru Mwafrika asiye na kazi ya kudumu, wala njia ya maisha inayoaminika, atoke mjini na kurudi kwao. Watawala wenyewe, ingawa walikuwa wakiandika Kiingereza, walilichukua neno letu la “wahuni” na kulitumia katika majalada yao. Msomaji ataona kwamba hapakuwa na haja ya mtu kuiba wala kupiga mtu. Kosa lilikuwa kuonekana mjini bila ya tajiri wa kukusemea.

Na huko “kwao” alikorudishwa baba kulikuwaje? Matombo ya wakati ule ilikuwa imeshikwa na balaa la matuta ya ngazi, ambayo serikali iliwalazimisha watu kuyachimba milimani kwa jembe la mkono. Mwezi wa Julai 1955 wananchi walikusanyika kuyakataa, polisi wakafyatua risasi, na mtu mmoja akafa. Kwa hiyo mtu yule yule alikuwa mhuni akiwa mjini na mkaidi akiwa kijijini, na sijui ni wapi katika Tanganyika ile alikotakiwa awe. Mwaka 1957 baba alikuwa amekwisha rudi Kariakoo. Wenzake wengi walirudi. Wengine, alivyokuwa akisimulia huku akicheka, walirudi kwa garimoshi lililofuata.

Juu ya sheria hiyo ya miji ilikuwapo kubwa yake, Sheria ya Uhamishaji ya mwaka 1921, na hiyo ilikuwa mkononi mwa Gavana mwenyewe. Ikiwa Gavana ameridhika, kwa ushahidi wa kiapo, kwamba mtu fulani ni hatari kwa amani na utaratibu, au anachochea uadui baina ya watu na Mfalme, au anakula njama dhidi ya mamlaka ya Mfalme, aliweza kutia saini na muhuri wake, na mtu huyo akahamishwa kutoka upande mmoja wa nchi mpaka upande mwingine. Aliyepaswa kuridhika ni Gavana peke yake. Mhamishwaji hakuwa na mahali pa kukata rufani.

Uwezo wa kutunga sheria kama hizo ulitoka London, katika amri ya Mfalme ya mwaka 1920 iliyomruhusu Gavana wa Tanganyika kutunga sheria kwa ajili ya amani, utaratibu na utawala mwema wa watu wote wa nchi hii. Naomba msomaji ayaweke akilini maneno hayo, amani, utaratibu na utawala mwema, maana tutakutana nayo tena mbali sana, katikati ya Bahari ya Hindi.

Majirani zetu walikuwa na yao. Kabaka Mwanga wa Buganda na Mukama Kabalega wa Bunyoro walikamatwa mwaka 1899 na kupelekwa visiwa vya Shelisheli. Mwanga alifia huko mwaka 1903. Kabalega aliruhusiwa kurudi mwaka 1923, akiwa mzee sana, akafia Jinja kabla hajaiona Bunyoro. Seyyid Khalid bin Barghash, aliyekalia kiti cha Unguja kwa siku mbili tatu mwaka 1896 kabla ya mizinga ya manowari kumtoa, aliishi hapa Dar es Salaam chini ya Wajerumani mpaka Waingereza walipomkamata mwaka 1917. Akaonjeshwa Shelisheli na kisiwa cha Mtakatifu Helena, halafu akaachwa amalizie maisha yake Mombasa, ambako alifariki mwaka 1927. Harry Thuku wa Kenya, aliyepinga kipande na kodi, alikamatwa Machi 1922. Watu waliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe walipigwa risasi na zaidi ya ishirini wakafa. Yeye alipelekwa Kismayu na sehemu nyingine za mbali kwa muda wa miaka minane hivi, pasipo kusimamishwa mbele ya hakimu hata siku moja.

Lakini mfano ulionifumbua macho kuliko yote ni wa Kabaka Mutesa wa Pili. Tarehe 30 Novemba 1953, Gavana wa Uganda, Sir Andrew Cohen, alimwita ofisini, akamwambia kwamba serikali ya Uingereza haimtambui tena, na siku hiyo hiyo akasafirishwa kwa ndege mpaka London. Hebu tumfuate alipotua. Kule London alipanga nyumba, akatembea atakako, akahojiwa na magazeti, akapokewa na wabunge. Hapakuwa na askari wa kumwuliza anakwenda wapi. Serikali iliyomnyima ruhusa ya kulala katika nyumba ya baba yake Mengo haikuwa na njia ya kumzuia kulala popote katika mji wake mkuu yenyewe. Mwanasheria wa makoloni na mwanasheria wa London walikuwa wakipokea mshahara wa Malkia mmoja, lakini kila mmoja alikuwa na kitabu chake. Hata mahakama ya Kampala iliposikiliza shauri la Waganda mwaka 1954, ilisema kwamba kifungu cha Mkataba wa mwaka 1900 ambacho Gavana alikitegemea hakikuwa kifungu kinachofaa kwa jambo lile. Mutesa alirudi kwake tarehe 17 Oktoba 1955, mwaka ule ule ambao baba alikuwa akichimba matuta.

Huko Uingereza kwenyewe hali ilikuwaje katika miaka hiyo? Tangu hati yao kuu ya mwaka 1215 ilikwisha andikwa kwamba mtu huru hahamishwi kutoka nchini mwake ila kwa sheria ya nchi. Raia wa Mfalme aliyekuwa Uingereza hakuweza kufukuzwa kutoka Uingereza. Mgeni, yaani asiye raia wa Mfalme, alikuwa na hali nyingine: Waziri wa Mambo ya Ndani aliweza kumfukuza kwa sababu tu ameona kuondoka kwake kuna manufaa kwa umma, na mpaka mwaka 1969 mgeni huyo hakuwa na baraza la rufani lililowekwa na sheria. Kwa hiyo tusimsifu Mwingereza kupita kiasi. Alijua kufukuza hata kwake. Ila kule alimfukuza mgeni, na huku kwetu alimfukuza mwenyeji, kwa ombi la mgeni.

Hapo nilidhani nimekwisha pata jibu la kumpa baba mdogo. Kumbe nilikuwa nusu ya njia, kwa sababu baada ya makoloni kuanza kumtoka mkononi, Mwingereza aliusogeza mstari unaomtenga mwenyeji na mgeni, akausogeza mara nyingi. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961 na kuingia Jumuiya ya Madola, Mtanganyika alikuwa na haki ya kuingia Uingereza na kuishi huko kama wananchi wengine wa Jumuiya. Haki hiyo ilidumu mpaka tarehe 30 Juni 1962. Kesho yake ikaanza kutumika sheria mpya iliyotaka vibali, na iliyoziruhusu mahakama kupendekeza kufukuzwa kwa mtu wa Jumuiya ya Madola aliyetenda kosa kabla ya kutimiza miaka mitano nchini humo. Miezi saba haikutimia! Siku zile sisi tulikuwa tukishughulika na furaha za Uhuru, na sidhani kama kuna aliyeona mlango ule ukifungwa.

Mwaka 1968 ilikuwa zamu ya Waasia wa Kenya. Hao hawakuwa wageni hata kidogo. Walikuwa na pasi za Kiingereza, walizochagua kubaki nazo Kenya ilipopata uhuru. Walipoanza kwenda Uingereza kwa wingi, Bunge la huko lilipitisha sheria katika muda wa siku tatu, kwamba pasi peke yake haitoshi: sharti mwenye pasi, au mzazi wake, au babu au bibi yake, awe amezaliwa au amepata uraia katika Uingereza yenyewe. Wazungu wa Kenya wengi wao waliipita chekeche hiyo, Waasia wakabaki juu. Tume ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilikuja kusema mwaka 1973 kwamba huko kulikuwa kuwadhalilisha watu kwa sababu ya rangi yao. Sheria ya mwaka 1971, ambayo ndiyo shina la sheria za uhamiaji za Uingereza mpaka sasa, iliyakusanya mambo hayo yote mahali pamoja.

Sasa turudi kwenye yale maneno niliyomwomba msomaji ayaweke. Kusini ya ikweta, mbali mashariki ya pwani yetu, viko visiwa vya Chagos. Mwaka 1965 Uingereza ilivitenga na Mauritius, ambayo ilikuwa bado koloni, ikaviita eneo lake jipya katika Bahari ya Hindi, kwa kuwa Marekani ilitaka kujenga kituo cha kijeshi katika kisiwa cha Diego Garcia. Watu walikuwapo, baina ya 1,500 na 2,000, wazao wa watumwa na vibarua wa minazi, wengine kizazi cha nne au cha tano kaburini mle. Kati ya mwaka 1968 na 1973 wakatolewa wote, wakabwagwa Mauritius na Shelisheli. Mbwa wao waliuawa. Mwaka 1971 Kamishna wa eneo hilo alitia saini sheria ya uhamiaji iliyosema kwamba hakuna ruhusa ya mtu kuingia wala kukaa humo bila ya kibali. Na sheria hiyo ilitungwa kwa jina gani? Kwa jina la amani, utaratibu na utawala mwema.

Niliposoma habari hiyo nilikaa kimya kwa muda. Huyu Kamishna wa mwaka 1971 na Gavana wa Tanganyika wa mwaka 1921 walikuwa wamekunywa maji ya kisima kimoja. Lakini Wachagos walifanya jambo ambalo baba na wenziwe hawakuweza kulifanya: walikwenda mahakamani, na mahakama yenyewe ilikuwa ya London. Tarehe 3 Novemba 2000 Mahakama Kuu ya huko ilitamka kwamba uwezo wa kutunga sheria kwa ajili ya amani, utaratibu na utawala mwema wa watu maana yake watu watawaliwe. Hauwezi kumaanisha watu waondolewe. Ningalitamani baba awe hai siku ile nimsomee sentensi hiyo. Alikuwa amefariki miaka minne kabla.

Furaha ya Wachagos haikudumu. Mwaka 2004 serikali ya Uingereza ilipitia mlango wa nyuma, ikatumia amri ya Malkia pamoja na Baraza lake, ambayo haijadiliwi Bungeni, kuwazuia tena wasirudi. Mahakama mbili ziliikataa amri hiyo, lakini tarehe 22 Oktoba 2008 Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya mwisho, likaikubali kwa sauti tatu dhidi ya mbili. Februari 2019 Mahakama ya Kimataifa ilitoa maoni kwamba visiwa vile vilitengwa na Mauritius kinyume cha sheria, na tarehe 22 Mei 2025 mkataba wa kuvirudisha ulitiwa saini, huku Diego Garcia ikibaki chini ya Uingereza kwa miaka 99. Waliotolewa wakiwa watoto sasa ni vikongwe.

Basi, ndugu msomaji, nikawa nimepata la kumwambia baba mdogo, lakini si lile nililokuwa nikilitafuta. Mwingereza wa London angaliweza kuwa mkali kama Gavana. Alipojipa joho la Gavana, akawa Gavana. Kilichotofautisha ni kama yule anayeondolewa ana mtu wa tatu wa kumwendea, asiyekuwa yeye wala anayemwondoa. Baba hakuwa naye. Mpwa wangu alikuwa naye, na barua yake ilisema hivyo ukurasa wa tatu: siku kumi na nne za kukata rufani.

Nimweleze kidogo kijana mwenyewe. Alikwenda kusoma mwaka 2011, akamaliza, akapata kazi katika nyumba ya kulea wazee, akaoa mwanamke mwenye uraia wa huko, na mwaka 2019 wakapata mtoto wa kike. Karatasi zake zikachelewa, maombi yakakataliwa. Sheria ya Uingereza hutenganisha mambo mawili ambayo sisi huyaita yote “kufukuzwa”. Kuna kuondolewa, ambako humpata mtu asiye na kibali, awe amekosa nini au hakukosa. Na kuna kufukuzwa kwenyewe, kwa mgeni aliyehukumiwa kwa kosa kubwa, ambaye tangu sheria ya mwaka 2007 hufukuzwa kwa kawaida akipewa kifungo cha miezi 12 au zaidi, au ambaye Waziri ameona kuwapo kwake hakuna manufaa kwa umma. Mpwa wangu alikuwa katika fungu la kwanza. Hakuwa ameiba hata kijiko.

Lakini alichokisimulia kwenye simu kilinikumbusha Kariakoo. Kwa sheria za mwaka 2014 na 2016, mwajiri, mwenye nyumba na benki wanatakiwa wamkague mgeni karatasi, la sivyo wao wenyewe watapigwa faini. Kazi ikaisha siku ile ile kibali kilipoisha. Mwenye nyumba, mzee mpole aliyekuwa akimletea mtoto peremende, alikuja mlangoni akiona haya, akaomba aonyeshwe karatasi. Enzi ya baba kazi hiyo ilifanywa na askari wa koti la kaki. Huko wamegawiwa raia wote. Ndiyo maana mwaka 2018 iligundulika kwamba wazee waliotoka visiwa vya Karibi kabla ya mwaka 1973, wenye haki kamili ya kuishi Uingereza, walikuwa wamepoteza kazi, nyumba na hata matibabu, na wengine kutiwa mahabusu au kupelekwa nje, kwa sababu tu hawakuwa na karatasi ambazo wakati wao hawakutakiwa kuwa nazo. Serikali iliomba radhi. Jambo jingine: mahabusu ya uhamiaji huko haina kikomo cha siku kilichoandikwa katika sheria.

Kisha kulikuwa na Rwanda. Aprili 2022, wiki chache kabla ya barua ya mpwa wangu, Uingereza ilitiliana saini na serikali ya Kigali ili waombaji hifadhi wapelekwe huko, na kwa siku kadhaa dada yangu aliamini kwamba mwanawe atatupwa Kigali. Nilimweleza kwamba mpango ule haukuwahusu watu kama yeye. Hata hivyo sikuweza kuacha kuwaza: miaka 123 baada ya kuwachukua wafalme wa Maziwa Makuu na kuwapeleka baharini, sasa walitaka kuwaleta watu wa mataifa mengine kwenye Maziwa Makuu. Majaji watano wa Mahakama ya Juu waliukataa mpango huo kwa kauli moja tarehe 15 Novemba 2023. Aprili 2024 Bunge likatunga sheria iliyotamka kwamba Rwanda ni nchi salama, kana kwamba usalama ni jambo la kupigiwa kura. Serikali iliyoingia Julai 2024 ikauacha mpango wote. Majaji peke yao hawakutosha. Ulihitajika pia uchaguzi.

Katika moja ya simu zetu kijana aliniuliza: “Mjomba, na ile sheria ya Gavana ya kwetu ilikwenda wapi?”

Haikwenda popote. Palipoandikwa Gavana pakaandikwa Rais, na sheria ya mwaka 1921 ikabaki vitabuni ikitumika kuwahamisha watu kutoka mkoa hadi mkoa. Haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba yetu mwaka 1984, zikaanza kudaiwa mahakamani Machi 1988, na mwaka huo huo Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, katika shauri lililotoka Musoma, alitamka kwamba sheria ile inapingana na Katiba. Nakumbuka sisi makarani tulivyopokezana nakala ya hukumu ile, tukiisoma wakati wa chai. Tume ya Jaji Nyalali iliitaja tena miongoni mwa sheria 40 zilizostahili kutazamwa upya. Na kuhusu mijini: mwaka 1983, wakati wa Nguvu Kazi, vijana walipokuwa wakikusanywa Dar es Salaam na kupelekwa mashambani, baba alimfungia mdogo wangu ndani kwa siku nne, ingawa alikuwa na kitambulisho cha kazi mfukoni. Hakueleza sababu, wala hakuna aliyemwuliza.

Sisemi kwamba kila kuhamishwa ni dhuluma. Hapa jirani, Mabwepande, wako wenzetu waliotolewa Bonde la Msimbazi baada ya mafuriko ya Desemba 2011, wakapewa viwanja. Wapo wanaoshukuru na wapo ambao mpaka leo hesabu zao za nauli hazijakaa sawa. Serikali yoyote lazima iwe na uwezo wa kumwambia mtu aondoke mahali. Mimi nauliza tu anayeambiwa amwendee nani.

Nilimpigia kijana siku ya kumi na mbili ya zile wiki zangu mbili, nikamwambia akate rufani. Barua ilikuwa imebakiza siku moja tu, na baba mdogo alininunia kwa miezi miwili. Wakili alipatikana kwa mchango wa jamaa, kwa sababu tangu mwaka 2013 serikali ya huko imeacha kulipia mawakili katika mashauri mengi ya uhamiaji. Mwaka 2023 alisikilizwa asubuhi moja nzima. Jaji, mwanamke, alimwuliza ni nani humpeleka mtoto shule, na ni nani huamka usiku akikohoa. Hukumu ilikuwa na kurasa kumi na moja. Nilizisoma zote kwa kamusi, na ingawa kulikuwa na aya mbili tatu ambazo kijana hakuzipenda, nilimwambia kwamba karatasi ya babu yake ilikuwa na mistari minne, na mmoja wao ulikuwa namba ya jalada.

Alipewa kibali cha miezi 30. Kikiisha ataomba tena, na tena, mpaka itimie miaka kumi. Kila anapoomba atalipa ada ya maombi, na juu yake ada ya matibabu, ambayo tangu Februari 2024 ni pauni 1,035 kwa kila mwaka wa kibali, hata kama hajaugua. Mwezi uliopita alinitumia hesabu ya ombi la pili. Nilikuwa na matofali ya ukuta yaliyopangwa nyuma ya nyumba tangu mwaka juzi, na jirani anayejenga upande wa Boko alikuwa akiyaulizia. Amekwisha yachukua nusu. Lori linarudi Jumamosi kwa yaliyobaki.